Frappuccino ilizaliwa nyumbani kwa mlinzi wa kahawa

Wapenzi wa kahawa halisi wana kesi na Frappuccino, kinywaji baridi na kitamu kinachosagwa na barafu kwenye blenda, na kesi yenyewe si ya kuzua. Kikombe cha kati cha ile ya karameli, huko Marekani, kina zaidi ya gramu 50 za sukari. Hicho ni takriban kiwango ambacho WHO linataka mtu mzima asikivuke kwa siku nzima. Ziko hata aina zisizo na tone la kahawa. Hapo sina la kutetea.

Ninapogoma ni pale wanaposema Starbucks, kampuni kubwa ya Marekani ya maduka ya kahawa, ndiyo iliyobuni uchafuzi huo. Kinywaji hiki kilitoka Boston mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika maduka ya Coffee Connection ya George Howell. Jina lake limechanganya cappuccino na "frappe", kama watu wa New England, eneo la kaskazini mashariki mwa Marekani ulipo mji wa Boston, wanavyoita maziwa yaliyopigwa na aiskrimu. Na Howell ni nani? Ni yule yule aliyeshikilia kwamba buni isikaangwe hadi ikawa nyeusi, ladha ya shamba ikapotea. Mwaka 1999 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Cup of Excellence, shindano linalomfanya mkulima alipwe kwa ubora. Mtu huyo ajifunze kahawa kwa nani tena? Aliona tu kwamba mchana wa joto watu hawataki kikombe cha moto.

Starbucks waliinunua Coffee Connection mwaka 1994 kwa takriban dola milioni 23. Walichofuata ni soko la Boston. Kinywaji kilikuja kama nyongeza. Howard Schultz mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa Starbucks, hakuvitaka vinywaji vya namna hii. Waliomsukuma ni wafanyakazi wa kusini mwa California, waliochoka kuona wateja wakienda kwa jirani mwenye blenda. Mapishi yakabadilishwa, kikaingia madukani 1995, na mwaka uliofuata kikauza dola milioni 52. Zaidi ya mara mbili ya bei ya kampuni nzima iliyokizaa, kwa mwaka mmoja! Ilikuwa kama asilimia 7 ya mapato yote ya Starbucks, na sehemu yake ilitoka kwa watu ambao kahawa ya moto hawakuwa wakiigusa.

Mabango ya Coffee Connection yakashushwa. Howell akaja kuanza upya na kampuni nyingine, anauza kahawa za shamba moja moja, ikiwemo ya Kirinyaga, Kenya. Jina la Frappuccino lilibaki Seattle, kwa Starbucks.