Mawimbi ya bandia kwenye matangazo
Tumechoshwa na matangazo yanayodai kumtuliza mtu mwenye msongo. Mawimbi, kinanda cha mbali, halafu ghafla mtangazaji anafoka bei ya bando! Sauti ikipanda kwa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio huisikia kama imeongezeka maradufu. Mtu anashtuka, hatulii.

Na mawimbi yenyewe ni kipande cha sekunde chache kinachorudiwa mpaka sikio linakariri kila mpigo. Tena spika ndogo ya simu haitoi vizuri sauti nzito, zile za chini ya hezi 200 hivi, yaani mitetemo 200 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wa maji unapotea na kinachobaki ni mchakacho kama wa dagaa kwenye mafuta ya moto.

Jamani watengeneza matangazo, ziwa si hili hapa Mwanza? Nendeni alfajiri, kabla injini za mitumbwi hazijaamka na upepo wa ziwani haujaanza. Maikrofoni ivalishwe manyoya ya kuzuia upepo. Vilele vya sauti kwenye mita ya kurekodia, ambayo kikomo chake ni sifuri, visizidi hasi 12 desibeli, maana sauti ikishapasuka hairekebishiki vizuri. Rekodini dakika 5 mfululizo, na kwenye mawe kama ya rasi ya Capri Point sogeeni mbali kidogo, maji hupiga kofi pale. Kisha sikilizeni kwenye simu ya bei ndogo kabla ya kurusha. Mtangazaji naye aingie taratibu.