Ayutthaya: Kila Mtu na Namba Yake, Isipokuwa Kiti cha Enzi

Ufalme wa Ayutthaya, ulioasisiwa mwaka 1351 katika bonde la mto Chao Phraya, kwenye Thailand ya leo, ulidumu zaidi ya karne nne, hadi majeshi ya Burma yalipouteketeza mji wake mkuu mwaka 1767. Wapo wanaouhesabu umri huo kuwa matunda ya utawala uliopangwa vyema, na wapo wanaosema kwamba mpango huohuo ndio uliouchimbia ufalme kaburi.

Mpango wenyewe unanasibishwa hasa na Mfalme Trailok (1448–1488), aliyeigawa serikali katika idara mbili kuu, Mahatthai ya shughuli za kiraia na Kalahom ya kijeshi, kisha akampa kila mtu namba. Namba hiyo, sakdina, ilitajwa kwa kipimo cha ardhi kiitwacho rai: mtumwa 5, mtu huru wa kawaida 25 (yaani kama ekari 10), maofisa kuanzia 400, mawaziri wakuu 10,000, na makamu wa mfalme 100,000. Haimaanishi kwamba mtu alikabidhiwa shamba la ukubwa huo; wasomi wengi huiona kuwa kipimo cha hadhi, na sheria ilipanga faini na fidia kwa kuifuata.

Wanaoutetea mpango huu wana hoja nzito. Siam, jina la zamani la Thailand, ilikuwa na ardhi tele na watu wachache, kwa hiyo mwenye nguvu alikuwa mwenye watu. Kwa kumwandikisha kila mtu huru chini ya bwana wake na kumdai utumishi wa takriban miezi sita kwa mwaka, serikali ilipata askari na wajenzi bila kuwa na hazina kubwa ya kuwalipa.

Lakini mtu aliyechoshwa na kazi za mfalme alikuwa na mlango wa nyuma: kujificha chini ya mwanamfalme au mkubwa fulani, ambako kazi ilikuwa nyepesi. Kila aliyetoroka hivyo alimpunguzia mfalme nguvu na kumwongezea mshindani wake. Hapo ndipo ninapoona ufa wenyewe, kwa sababu mpango uliompa hata mtumwa mahali pake haukuweka kanuni thabiti ya kurithi kiti. Mwaka 1424 ndugu wawili walikigombea wakiwa juu ya tembo, wakauana, na mdogo wao akatawala. Mwaka 1688, Mfalme Narai akiwa mahututi huko Lopburi, mkuu wa kikosi cha tembo, Phetracha, alitwaa madaraka na kumuua waziri Mgiriki, Constantine Phaulkon.

Lawama za mwaka 1767 hutupiwa Ekkathat, mfalme wa mwisho. Simtetei, ila tukumbuke kwamba kumbukumbu za kihistoria zinazomlaani ziliandikwa chini ya watawala waliokuja baadaye, na kwamba mwaka 1760 mdogo wake, Uthumphon, ilibidi aitwe kutoka utawani kuongoza ulinzi, kisha akarudi kwenye joho lake la kitawa hatari ilipopita.

Rama wa Kwanza, mfalme wa Siam baada ya Ayutthaya kuanguka, alipokusanya sheria za kale huko Bangkok mwaka 1805, namba za sakdina zilibaki humo. Yeye mwenyewe alikuwa amekipata kiti mwaka 1782, baada ya mtangulizi wake, Mfalme Taksin, kupinduliwa na kuuawa.