Kitabu cha mfanyabiashara kivumilie kukatishwa

Kila nikisikia kwamba wafanyabiashara wa Mtwara hawasomi kwa sababu hawana muda, huwa nauliza: muda upi? Mwenye duka pale Soko Kuu anafungua asubuhi na kufunga usiku, na humo katikati kuna vipindi vingi anakaa tu akitazama njia, hasa wakati wa masika, fedha za korosho zikishaisha mifukoni mwa watu. Saa anazo. Asichonacho ni saa moja isiyoingiliwa. Anasoma mistari sita, mtoto anakuja na mia tano ya chumvi. Anarudi kusoma, simu inaita, ni mtu wa mzigo. Anarudi tena, jirani anaomba chenji ya elfu kumi. Kufikia hapo kasahau aya ilikuwa inasema nini, na kitabu kinaishia kuwa pepeo la kujipungia.

Ndiyo maana siwaelewi wanaodhani dawa ni kufupisha tu. Chukua kitabu cha kurasa mia tatu, kikamue hadi kurasa arobaini, mara nyingi kinachobaki ni amri tupu: thubutu, amka mapema, weka malengo, usikate tamaa. Mifano ndiyo hukatwa kwanza, wakati mifano ndiyo iliyokuwa na faida. Vitabu vya namna hiyo vimejaa stendi na mabarazani, vina majalada ya kung'aa na neno "utajiri" kwa herufi kubwa. Mama anayeuza vitenge hahitaji kuambiwa aamke mapema. Kaamka kabla ya mwandishi.

Anachohitaji ni ukurasa kama huu. Tuseme umenunua mfuko wa sukari wa kilo 50 kwa shilingi 135,000, na bajaji ya kuuleta imekula 2,000. Kila kilo unaiuza kwa 3,000. Kichwani unajiambia: kilo hamsini ni 150,000, nimepata 15,000. Ukitoa nauli zinabaki 13,000. Lakini kilo nzima imepotelea kwenye kumwagika na kupima kwa huruma, kwa hiyo umeuza kilo 49, faida imeshuka hadi 10,000. Kisha kuna kilo tano zilizochukuliwa kwa mkopo na watu ambao siku hizi wanapita njia ya nyuma. Zile ni 15,000. Mfuko mzima umekupa hasara ya shilingi 5,000, na wewe jioni umeshika noti nyingi ukidhani biashara inakwenda.

Hesabu hiyo inasomwa kwa dakika mbili, na mteja akiingia katikati, unaanza upya bila kukosa kitu. Huo ndio uvumilivu ninaousema. Kila sura iishe ndani ya kurasa mbili tatu, ijitegemee, isimwambie msomaji "kama tulivyoona sura ya nne". Maandishi yawe makubwa, maana mwanga wa dukani jioni tunaujua. Fedha ziwe shilingi na bidhaa ziwe zetu: sukari, mabati, salfa ya mikorosho, samaki wa Feri.

Mwaka 1964 UNESCO ilipendekeza kwamba, kwa ajili ya takwimu, chapisho lihesabiwe kuwa kitabu likiwa na angalau kurasa 49 bila majalada. Chini ya hapo ni kijitabu. Basi na tuandike vijitabu, sioni aibu yoyote. Kurasa 48 zinamfaa hata mpiga chapa: karatasi kubwa ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa inatoa kurasa 16, kwa hiyo karatasi tatu zinatosha, na kijitabu kinabanwa kwa pini katikati. Kikibanwa hivyo kinalala wazi chenyewe juu ya kaunta, mikono ikabaki huru kupima mchele. Wanaosema tuweke yote kwenye simu wasahau kidogo. Simu ya mwenye duka ndiyo benki yake na ndiyo ofisi yake, haitulii.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili nchini katika vikundi vya kusoma vijitabu na kusikiliza redio pamoja. Na mkulima wa korosho wa huku Kusini ameandikiwa kwa miaka mingi: wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wamemweleza kwa Kiswahili chepesi namna ya kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Mkorosho una maelekezo yake. Duka la kijana wa mkulima huyohuyo halina.

Mada zimejaa. Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuweka mazao ghalani kwa stakabadhi hadi yauzwe mnadani, ilianza kwenye korosho hapa Mtwara msimu wa 2007/08, na hadi leo nakutana na watu wazima, wenye vyeti, wasioweza kueleza kila kato kati ya bei ya mnada na fedha inayoingia benki. Hicho ni kijitabu kimoja. Kingine kiwe cha mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na hicho ningekianza na mfano mmoja tu: umechukua 100,000, unarudisha 130,000 baada ya mwezi, je, duka lako lina bidhaa gani inayokupa asilimia 30 kwa mwezi? Cha tatu kiwe cha kuandika tu, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na wengi wanaoujua msemo huo kwa moyo hawana hilo daftari.

Nina ushauri mmoja kwa atakayethubutu kuchapa. Asipeleke duka la vitabu. Apeleke maduka ya jumla, kati ya Oktoba na Desemba wakati minada inaendelea na watu wana fedha, viwekwe karibu na madaftari na kwa bei isiyozidi ya daftari. Vitanunuliwa msimu, vitasomwa masika. Na mwenye duka la jumla asidai faida kubwa kwenye mauzo hayo: mteja wake akishajua hesabu, wa kwanza kulipwa deni la mwezi uliopita ni yeye.