Kongo na Greenland kwenye mizani ya sonara

Ilianza na Trump. Redio ya kinyozi ilikuwa inasema tena habari za jamaa kuitaka Greenland, sisi tupo zetu kwenye kahawa hapa Ngamiani, Tanga, afu Kapteni akashusha kikombe akasema mnamshangaa nini, lile linchi ni kubwa sawasawa na Afrika nzima. Kapteni sio kapteni, alikuwa mpishi melini miaka hiyo, lakini kazunguka bahari mpaka Rotterdam na akisema kitu wazee wote wanatikisa kichwa. Mi nikamwambia shikamoo mzee wangu, lakini hapo hapana, Afrika inaingiza Greenland mara 14 hivi, tena Kongo peke yake, ile ya Kinshasa, inaimeza. Baraza zima likacheka. Ikawekwa dau: atakayeshindwa anawalipia watu wote kahawa na kashata wiki nzima.

Najua mtasema si mngetazama kwenye simu. Tulitazama bana. Simu ikasema Kongo kilomita za mraba 2,344,858, Greenland 2,166,086, nikajua mambo yameisha. Kapteni akasema haya, na Marekani je? Simu ya kinyozi ikaleta milioni 9.8, ya kijana wa bodaboda ikaleta milioni 9.5, China milioni 9.6 imekaa katikati, yaani simu moja inasema Marekani ya tatu duniani nyingine inasema ya nne. Nikaanza kueleza kwamba inategemea umehesabu maji ama hukuhesabu, yale maziwa makubwa na maji ya pwani, hata sisi Tanzania ukiweka maziwa ni 947,303 lakini nchi kavu tupu ni kama 885,800... Kapteni akaninyooshea kidole, "Mwanangu, yaani nchi yako mwenyewe hujui ukubwa wake, unataka kunipimia ya wenzio?" Baraza likacheka tena.

Sasa mi nilishasoma mahali kwamba mwaka 1693 kuna Mwingereza, Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, alitaka kujua ukubwa wa England akachukua ramani akaikata akaiweka kwenye mizani. Karatasi ni ileile, kwahiyo uzito ukizidi na eneo limezidi. Nikawaeleza, wakapenda. Kapteni akasema ramani anayo, akaenda kwake akarudi na limkunjo la zamani la dunia nzima, na kabla sijafumbua mdomo kinyozi keshaingiza mkasi.

Nikasema jamani subirini, hiyo ni ramani ya aina ya Mercator! Hiyo mistari aliichora huyo Mercator mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ukichora njia yako imenyooka basi dira haibadiliki unafika, lakini bei yake ni kwamba kila ukienda kaskazini nchi zinavutwa, pale katikati ya Greenland eneo limevimba zaidi ya mara kumi, wakati Kongo imekaa kwenye ikweta haijavutwa kitu. Kapteni akaniangalia kwa huruma. "Ramani hii imenifikisha Rotterdam. Wewe imekufikisha wapi?"

Tukaenda kwa sonara pale mtaa wa pili, maana ya bucha isingesoma karatasi. Kongo mizani haikustuka kabisa, sonara ikabidi azime feni ndo ikaleta robo ya gramu kwa kuhurumiwa. Greenland ikawekwa, gramu tatu na zaidi. Wallahi sijawahi kuzomewa vile, watoto wa madrasa walikuwa wanapita wakaunga mkono bila kujua wanazomea nini.

Nikakata rufaa. Nikasema dunia ni mviringo, tupime kwenye mviringo. Kuna mwalimu jirani anayo tufe, ile dunia ya kuzungusha, akatuazima akasisitiza mikono misafi. Na Mama Chapati pale pembeni akatutolea donge. Mpango wangu ulikuwa hivi: unga unasukumwa mwembamba unene mmoja, unabandika vipande juu ya nchi mpaka uifunike yote, unakata kingo kwa wembe kufuata mpaka, unabandua, unapima. Hapo hakuna kuvutwa. Kusukuma akasukuma Kapteni mwenyewe, na niseme ukweli yule mzee anajua kazi yake, chapati ilitoka nyembamba inaonyesha viganja. Akanibana hata kwenye mto Ubangi, "huo unga umevuka mpaka, hiyo sio Kongo tena hiyo, kata." Ulikuwa umevuka kama punje ya mchele.

Tatizo likawa kubandua. Jua la saa saba, unga umeanza kukauka umeng'ang'ania, kinyozi akavuta kwa nguvu Kongo ikatoka yote na karatasi yake, chini pakabaki peupe. Tukatazamana. Kapteni akasema haki lazima itendeke pande zote, na Greenland ikavutwa vilevile nayo ikatoka na karatasi yake, kwahiyo angalau mizani haitasema imependelea.

Kongo ikaenda kwa sonara kwenye sahani: gramu 3.1. Nikapiga hesabu haraka haraka, Greenland inatakiwa ije 2.8 ama 2.9, kitu chembamba hicho lakini kushinda ni kushinda. Nikageuka kusema leteni Greenland. Kimya. Kijana wa bodaboda aliyeachiwa kuilinda alikuwa anaongea na abiria, na kuku wa Mama Chapati amesimama juu ya kibao anajifuta mdomo.

Kapteni hakuchelewa hata sekunde. Akasema apimwe kuku. Nikamuuliza apimweje wakati hatumjui alikuwa na uzito gani kabla, akasema tumpime sasa hivi, tumpime tena kesho asubuhi akishamaliza, tofauti ndo Greenland. Sonara akakataa kata kata kuku asipande kwenye mizani ya dhahabu, Mama Chapati naye akaja na mwiko anataka kujua nani kamlisha kuku wake gundi na karatasi, akifa tunamlipa. Dau likaahirishwa na mpaka leo kila mtu anajilipia kahawa yake.

Jioni mwalimu akafuata tufe lake. Akalizungusha mara moja, akalisimamisha kwa kidole, akasogeza miwani. "Kongo iko wapi?"

Kapteni akamjibu taratibu kabisa, "Iko kwa sonara mwalimu, utaikuta."

"Na huku juu?"

Akamwonyesha kuku.