Mzani wa buchani na mashine ya kura

Toka Arusha hadi Namanga ni mwendo wa saa mbili hivi, na siasa za Kenya huku tunazifuata kama ligi. Ndiyo maana, tangu uchaguzi mkuu wa Tanzania wa Oktoba 29, 2025, kila kijiwe cha mjini kina mtu wa kusema: "Tuletewe mashine kama za Wakenya, wizi wa kura utaisha." Anayepinga huitwa mshamba, au huulizwa kalipwa na nani. Mimi nadhani huyo mshamba hajasikilizwa vizuri.

Nenda buchani pale soko la Kilombero. Mzani una stika ya Wakala wa Vipimo, lakini ukiwa na shaka huhitaji kumpigia mkaguzi. Weka jiwe la kilo moja, utazame mshale. Sanduku la kura nalo liko hivyo hivyo. Linafunguliwa asubuhi likiwa tupu mbele ya mawakala wa vyama, linafungwa kwa lakiri, jioni kura zinamwagwa mezani na kuhesabiwa palepale. Bibi ambaye hajaenda shule anaweza kukaa pembeni akafuatilia kila karatasi inaangukia fungu gani. Mashine ya kupigia kura anaikagua kwa jiwe gani?

Hofu hiyo haikuanzia vijijini kwetu. Machi 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilibatilisha matumizi ya mashine za kura zilizotumika mwaka 2005, ikisema raia asiye na utaalamu wowote lazima aweze kukagua hatua muhimu za uchaguzi. Februari 2020 Mahakama ya Juu ya Namibia nayo ilizikataa mashine zisizotoa karatasi.

Ila kisa ninachokirudia kila mara ni cha Ireland. Walinunua mashine takriban 7,500. Zikajaribiwa kwenye majimbo machache mwaka 2002, kisha wataalamu wakasema hawawezi kuthibitisha usalama wake, zikaingizwa ghalani. Kodi ya maghala ikalipwa mwaka baada ya mwaka. Jumla zilimeza zaidi ya euro milioni 54, na mwaka 2012 zikauzwa skrepa kwa kama euro 70,000. Sasa piga hesabu ya kwetu: vituo vyetu ni karibu 100,000. Hata tukiweka mashine moja moja tu, ni zaidi ya mara kumi ya zile za Ireland. Na Ireland hakuna aliyeshutumiwa kuiba kura. Shida ilikuwa tu kwamba hakuna aliyeweza kuapa kwamba haziibi.

Wanaotaka mashine wana hoja, tena nzito. Wanasema karatasi inasaidia nini kama wakala amezuiwa mlangoni, au kura bandia zimeshaingia sandukuni? Na hapa wananibana kweli: tangu 2015 tunaandikishwa kwa BVR, yaani mashine za kuchukua alama za vidole, tunabonyeza vidole vyote, halafu siku ya kupiga kura jina linatafutwa kwenye daftari lililochapwa. Alama za vidole zinabaki kwenye kompyuta. Kifaa cha kutambua kidole mlangoni kingemzuia anayepiga kwa jina la marehemu. Kwa hicho siwezi kubishana.

Lakini hicho ni kifaa cha kumtambua mpiga kura, hakihesabu kura. Wakenya wenyewe wanapiga kura kwa karatasi, jambo ambalo vijiweni halisemwi. Mwaka 2017 matokeo ya urais yalifutwa kwa sababu, pamoja na mengine, namna yalivyotumwa ilikuwa na kasoro, na Tume yao ya uchaguzi ilipoagizwa kufungua seva zake haikufungua kama ilivyoamriwa. Mwaka 2022 kilichotuliza wengi ni picha za fomu 34A, zile za matokeo ya urais kituoni, za vituo zaidi ya 46,000, zikawekwa mtandaoni kila mtu ajumlishe mwenyewe. Mashine iliyosaidia ilikuwa ile ya kuipiga karatasi picha.

Tena Wakenya waliokuwa na malalamiko walikuwa na mahakama ya kwenda. Sisi ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyopo hapa hapa Arusha barabara ya Dodoma, ilisema Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka haki. Mwaka 2023 ikatoa hukumu dhidi ya wakurugenzi wa halmashauri, wateule wa Rais, kuwa wasimamizi wa uchaguzi. Sheria ya 2024 ikasema msimamizi awe mtumishi wa umma mwandamizi anayeteuliwa na Tume yetu ya uchaguzi. Wajumbe wa Tume yenyewe bado wanateuliwa na Rais. Mashine ikija leo, nywila atakabidhiwa nani kama si hao hao?

Na tuseme imekuja. Oktoba 29 intaneti ilizimwa nchi nzima. Matokeo yanayotegemea mtandao yangepita wapi siku ile?

Kwa hiyo mimi ningeanza na fomu yetu ya matokeo ya urais kituoni. Kila wakala apewe nakala yake bila kuzungushwa, nyingine ibandikwe nje ya kituo, na Tume iweke picha ya kila moja mtandaoni kabla ya kutangaza jumla. Mtandao ukizimwa, nakala ya wakala itakuwa bado iko mfukoni, atapanda nayo kifodi mpaka mjini.