Uniti isiyojua saa: mita janja na bei ya umeme majumbani Mbeya

Ikifika Julai, nyumba nyingi za Uyole, Iyunga na Forest hununua umeme kabla ya siku zilizozoeleka, na sababu yake haihitaji mtaalamu: maji ya bomba alfajiri yanauma vidole, na hakuna mzazi atakayekubali kumwogesha mtoto wa shule kwa maji yale. Sasa TANESCO, shirika la umeme la taifa, imeanza kufunga mita janja mahali pa zile za LUKU, za kulipia kabla ya kutumia, tulizozizoea, na pamoja nazo limekuja swali ambalo zamani halikuwa na maana kuliuliza. Ikiwa mita inaweza kujua kwamba umeme umetumika saa ngapi, je, mwenye nyumba aendelee kulipa bei moja usiku na mchana, au apewe nafasi ya kuhamia mpango ambao bei yake hupanda na kushuka kufuatana na saa?

Katika bei zilizoanza kutumika Aprili 2016 hakuna mpango wa aina hiyo kwa majumba. Kuna makundi mawili tu yanayomhusu mtu wa kawaida. La kwanza ni D1, la matumizi madogo, ambalo mtaani wengine huliita tarifu 4: uniti 75 za mwanzo wa mwezi ni shilingi 100 kila moja, na zinazozidi hapo ni shilingi 350. La pili ni T1, la matumizi ya kawaida, ambako kila uniti ni shilingi 292. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mamlaka inayopanga bei, uniti ya D1 inakuwa shilingi 122, ile inayozidi 75 inakuwa 427, na ya T1 inakuwa 356 na senti. Ndiyo maana mtu wa T1 akinunua umeme wa elfu kumi anapata uniti 28, ilhali jirani yake wa D1 anapata uniti zake zote 75 kwa shilingi 9,150.

Hesabu hiyo ina jambo moja ambalo watu wengi hawajalikalia chini. Mtu anayetumia uniti 76 kwa mwezi, akiwa D1, analipa shilingi 9,577. Akihamishiwa T1 kwa sababu amezoea kuzidisha, uniti zilezile 76 zitamgharimu zaidi ya shilingi 27,000. Kwa hesabu tupu, D1 inabaki kuwa nafuu hata kwa mtu anayetumia uniti 300, lakini hakuna anayeruhusiwa kubaki humo akiwa na matumizi hayo, kwa kuwa kundi hilo limewekwa kwa wale ambao wastani wao hauzidi 75. Kwa hiyo uamuzi mkubwa wa bei katika nyumba ya Mbeya leo hauhusu saa. Unahusu kutovuka mstari. Mwenye D1 anayefikiria kununua jiko la umeme ili aachane na mkaa hajiulizi jiko lile litakula uniti ngapi tu. Anajiuliza kama litamtoa kwenye kundi lake. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na mstari huu wa 75 unaivuta familia upande wa pili.

Ili bei ya saa iwezekane, kuna jambo la kiufundi linalopaswa kueleweka kwanza. Tokeni ya LUKU yenye tarakimu 20 haibebi pesa, inabeba uniti. Bei hukatwa pale unaponunua kwa simu au kwa wakala, na baada ya hapo mita kazi yake ni kuhesabu kushuka. Uniti ulizoziweka Jumatatu hazijui kama zimeungua saa 2 usiku, wakati kila nyumba imewasha taa na pasi, au saa 9 usiku wakati mji umelala. Mita janja inayowasiliana na ofisi inaweza kuhifadhi matumizi ya kila nusu saa na kukata salio kwa bei ya saa husika. Faida yake inaonekana. Hasara yake ni kwamba salio litageuka kuwa shilingi, na ule uhakika wa kusoma kwenye kioo kwamba zimebaki uniti 12, kwa hiyo tutafika Ijumaa, utapungua.

Wanaotetea mpango wa saa wana mifano ya kutosha. Uingereza imekuwa na mpango wa umeme nafuu wa saa saba za usiku kwa majumba tangu 1978. Hispania, tangu Juni 2021, wateja wa bei inayosimamiwa na serikali wanalipa kwa vipindi vitatu vya siku, na usiku wa manane pamoja na siku za mwisho wa juma ndivyo vya bei ya chini. Jirani zetu wa Kenya walianza Desemba 2017 kwa viwanda na biashara, wakipunguza bei ya nishati kwa nusu kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, ingawa hawakuufikisha kwa mteja wa nyumbani. Hoja ni ileile kila mahali: mitambo, nyaya na transfoma hujengwa kwa ajili ya ile saa ambayo watu wote wanatumia kwa pamoja, na anayekubali kuikwepa saa hiyo anastahili kulipa kidogo.

Sasa tuilete hoja hiyo bafuni, kwa sababu katika Nyanda za Juu Kusini kitu kikubwa kinachoweza kuhamishwa saa ni maji ya moto. Shawa ya umeme ya kilowati 5.5, ikiwashwa dakika kumi, inakula karibu uniti moja. Watu wanne wakioga kila asubuhi, hiyo ni uniti takribani 110 kwa mwezi, na peke yake imeshaivusha nyumba kwenye mstari wa 75. Shawa hiyo haihamishiki. Inafanya kazi wakati mtu yuko chini yake. Tangi la hita la lita 50 ni jambo tofauti. Kuyapasha maji yake kutoka nyuzi 15 hadi 60 kunahitaji uniti kama 2.6, na kunaweza kufanyika saa 8 usiku, maji yakasubiri asubuhi, ingawa kwa baridi ya Uyole tangi lisilofunikwa vizuri litarudisha sehemu ya joto hilo hewani kabla jogoo hajawika.

Tuchukue kwa mfano tu kwamba bei ya usiku ni nusu ya T1 na bei ya saa nyingine imepandishwa kwa asilimia 20 kufidia. Nyumba yenye tangi itaokoa karibu shilingi 13,900 kwa mwezi kwenye maji, lakini itaongeza karibu 8,500 kwenye uniti nyingine nne inazotumia kwa siku, kwa hiyo itabaki na nafuu ya shilingi 5,400. Nyumba yenye shawa, ambayo watu wake wanaoga baada ya saa 12 asubuhi, itaongezewa zaidi ya shilingi 16,000, ukihesabu shawa pamoja na zile uniti nyingine nne za siku. Tangi lenyewe linauzwa laki kadhaa, mbali na fundi. Anayefaidika, basi, ni yule ambaye tayari ana uwezo wa kununua kifaa, na anayeumia ni yule ambaye ratiba yake imeamuliwa na kengele ya shule. Mtu wa D1, ambaye uniti yake ni shilingi 122 saa zote, hana sababu yoyote ya kuufikiria mpango huu.

Kuna hoja nyingine inayonifanya niwe mzito kuikubali mifano ya Ulaya kama ilivyo. Kule, umeme wa usiku uliuzwa rahisi kwa sababu mitambo ya makaa na nyuklia haizimwi na kuwashwa kirahisi, na upepo hauwekwi akiba. Umeme wetu kwa sehemu kubwa ni wa maji na gesi asilia. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na kabla yake Mtera, Kidatu na Kihansi, yanaweza kuyazuia maji usiku na kuyatumia kesho jioni. Maji yanayoteremka kutoka Usangu, hapa hapa Mbarali, kwenda Mtera hayapotei kwa sababu Mbeya imelala. Uniti ambayo hukuitumia saa 9 usiku imebaki bwawani. Hivyo sababu ya kuiuza kwa nusu bei ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa.

Kinachobaki na nguvu ni hoja ya nyaya. Kwa miaka mingi Mbeya imelishwa na laini ya kilovolti 220 inayotoka Kidatu kupitia Iringa na Mufindi, na mwisho wa safari ndefu kama hiyo, jioni, ndipo taa hufifia na friji huguna. Transfoma ya mtaa iliyofungwa wakati nyumba zikiwa ishirini sasa ina nyumba mia. Hapo bei ya saa inaweza kusaidia kweli, ila msaada wake ni wa mtaa kwa mtaa, na unaweza kupatikana kwa njia laini zaidi: nafuu kwa anayekwepa saa 1 hadi saa 4 usiku, bila adhabu kwa asiyeweza. Wasiwasi wa adhabu si wa kubuni. Katika baridi kali ya Februari 2021 huko Texas, wateja waliokuwa kwenye mpango unaofuata bei ya soko moja kwa moja walikuta uniti imefika dola 9, na wengine wakadaiwa maelfu ya dola kwa siku chache. Bei za EWURA haziwezi kuruka hivyo, kwa kuwa hupangwa kwa amri na hukaa miaka, lakini mfano huo unatosha kueleza kwa nini kuhama kunapaswa kuwa kwa hiari, na kurudi kuwe kwa hiari vilevile.

Kwa maoni yangu, kazi ya kwanza ya mita janja ingekuwa kuulainisha ule mstari wa 75 kabla ya kugusa saa. Mita inayopeleka taarifa kila siku inaweza kumwambia mama wa Isanga, tarehe 20 ya mwezi, kwamba ameshatumia uniti 61, na ofisi inaweza kuweka ngazi ya kati badala ya kumtoa mtu shilingi 9,500 na kumpeleka 27,000. Hilo halihitaji mtu abadilishe saa ya kuoga.

Halafu wako wapangaji. Nyumba ya vyumba sita pale Mwanjelwa ina mita moja, iliyosajiliwa kwa jina la mwenye nyumba, na iko T1 kwa sababu familia sita haziwezi kutosha kwenye uniti 75. Kila chumba peke yake kingestahili D1. Wanachanga elfu mbili mbili, kodi ya majengo inakatwa humohumo tangu 2021, na ugomvi wa nani ana pasi na nani ana friji unamalizwa na mjumbe. Mita hiyo ikibadilishwa kuwa janja na kuhamishiwa bei ya saa, anayeamka saa 10 alfajiri kwenda kuuza maziwa na anayerudi saa 3 usiku kutoka gereji watakuwa wametumia umeme wa bei mbili tofauti, na kwenye mchango watatoa elfu mbili ileile.