Homoni kwa miche ya mpunga: inafaa punje kuliko kitalu

Muuza pembejeo akimwambia mkulima wa bonde la Cheju, Unguja, kuwa kichupa cha jiberelini, homoni ya kukuza mimea, kitarefusha miche yake ya mpunga, hamdanganyi. Miche itarefuka, tena upesi. Mzozo uko kwenye kinachofuata.

Tazama kwanza punje iliyolowekwa na kuvundikwa. Kiinitete kinatengeneza jiberelini yake chenyewe na kuipeleka kwenye tabaka jembamba la seli hai linalouzunguka wanga. Ndani ya seli hizo kuna protini, kwenye mpunga huitwa SLR1, iliyoweka breki kwenye jeni kadhaa. Jiberelini ikishikana na kipokezi chake, protini ile huvunjwa, na jeni ya kimeng'enya cha amilesi huanza kufanya kazi. Amilesi inaugeuza wanga kuwa sukari, na mche unaishi kwa akiba hiyo hadi majani yaweze kujitegemea. Asidi absisiki nayo ni homoni, ila inavuta upande wa pili: inaizuia punje isiote. Inayozidi nguvu ndiyo inayoamua.

Hapo wanaotetea kichupa wana hoja nzito. Chumvi huvuruga uwiano huo, asidi absisiki ikapanda na punje ikasita. Majaribio ya kuloweka mbegu za mpunga kwenye jiberelini kidogo yameonyesha kuwa huota vizuri zaidi penye chumvi. Kwa mabonde ya Pemba yanayoingiliwa na maji ya bahari, hilo si jambo la kupuuzwa.

Lakini hayo yote ni ya punje. Mche uliokwishatoka ukionja chumvi, asidi absisiki hiyo hiyo hufunga vitundu vya majani ili maji yasipotee, na kuamsha jeni za protini za kinga. Mche unadumaa kwa kujihami. Ukiunyunyizia jiberelini wakati huo, unaulazimisha kutumia sukari ambayo hauna. Homoni inatoa amri tu, chakula haileti.

Na urefu wenyewe tusiuamini sana. Jiberelini iligunduliwa kupitia ugonjwa wa mpunga: mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa alionyesha kuwa kuvu anayerefusha miche hadi ikadhoofika alikuwa akitoa kemikali yenye nguvu hiyo. Kinyume chake, mbegu ya mpunga ya IR8 iliyotolewa Ufilipino mwaka 1966 ilisifika kwa mavuno kwa sababu jeni yake moja ya kutengeneza jiberelini ina hitilafu. Shina likawa fupi, likabeba suke zito bila kulala.

Kwa hiyo naiunga mkono jiberelini kwenye ndoo ya kulowekea, tena bondeni penye chumvi tu, na naipinga kwenye kitalu. Kipimo chake ni kidogo, huhesabiwa kwa miligramu kwa lita, na anayepima kwa kifuniko cha chupa anabahatisha. Lebo ieleze kwa Kiswahili kiasi cha kuchanganya. Watafiti wa kilimo wa Kizimbani, Unguja, nao wapewe vipande viwili vya bonde lenye chumvi, kimoja cha mbegu iliyolowekwa kwa maji matupu na kingine kwa homoni, wapime magunia baada ya mavuno badala ya kimo cha miche wiki ya pili.